Risasi Iliyolala Mifupani mwa Wazee

Ukitaka kujua tunawahesabu vipi walioathiriwa na madini mazito, angalia nani anayetolewa damu. Mwaka 2015, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kikiwa kimeshafungwa katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watafiti walipima risasi katika damu ya wakazi na kuwalinganisha na wenzao wa mtaa wa Bangladesh, mtaa mwingine wa kimaskini wa jiji hilohilo. Tofauti ilijionyesha yenyewe: wastani wa mikrogramu 7.4 kwa desilita Owino Uhuru, dhidi ya 3.7 Bangladesh. Lakini waliopimwa walikuwa watoto wa miezi 12 hadi 59. Nyanya na babu za watoto hao hawakuwamo, ijapokuwa walivuta moshi uleule tangu 2007 hadi 2014, wakafagia ua uleule kila asubuhi na kukinga maji ya mvua kwenye mabati yaleyale yaliyokuwa yakipokea vumbi la tanuri.

Simlaumu mtafiti anayeanza na mtoto. Ubongo unaokua huumizwa na risasi kwa namna isiyorekebishika, na mwenye fedha chache lazima aanzie mahali. Ninachopinga ni kwamba tukishaanza na mtoto hatuendelei. Tumeifanya sumu ya madini mazito kuwa habari ya utotoni, ilhali ushahidi wa miaka 40 unaonyesha kwamba mtu mzima wa mtaa duni ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu zaidi, na kwamba mwili wake huendelea kumnywesha sumu hiyo hata baada ya mlango wa kiwanda kutiwa kufuli. Tunampita kwa sababu moja: kila dalili aliyonayo imeshapewa maelezo kabla hajafika kwa daktari. Presha ni ya uzee, figo zimechoka kwa uzee, anasahau kwa uzee, mikono inatetemeka kwa uzee, miguu inakufa ganzi kwa uzee. Maelezo hayo mara nyingi ni ya kweli. Hatari yake ni kwamba yanafunga swali mapema.

Risasi ikiingia mwilini haikai mahali pamoja. Katika damu hupungua nusu kwa muda wa kama mwezi mmoja, na ndiyo maana mtu aliyeacha kazi ya betri anaweza kupimwa baada ya mwaka akaonekana hana neno. Sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote iliyo ndani ya mtu mzima, huwa imehamia mifupani, kwa sababu mwili huipokea kama kalsiamu na kuijengea humo. Katika mfupa mgumu kama wa muundi, nusu ya shehena hiyo huchukua miaka 10 hadi 30 kuondoka. Wala haitulii humo moja kwa moja, kwa maana mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Ujanani kujenga na kubomoa hulingana. Umri ukisogea, kubomoa hushinda. Hapo ghala hufunguka, na kilichowekwa mtu akiwa na miaka 30 humrudia damuni akiwa na miaka 65, kikipita kwenye moyo, kwenye figo na kwenye ubongo ambao hauna tena nguvu ya ujana ya kukihimili.

Kwa wanawake jambo hili lina wakati wake maalumu. Hedhi ikikoma, homoni inayolinda mfupa hupungua na mfupa huanza kuliwa kwa kasi, hasa katika miaka ya mwanzo. Mwaka 1988 Ellen Silbergeld na wenzake walichambua takwimu za taifa la Marekani za miaka ya 1976 hadi 1980, wakakuta kwamba wanawake waliokwisha koma hedhi walikuwa na risasi nyingi zaidi damuni kuliko ambao bado hawajafika huko. Si kwamba walikuwa wamehamia karibu na viwanda. Risasi ilikuwa inatoka ndani yao wenyewe. Sasa mchukue mama aliyekuwa na miaka 45 kiwanda cha Owino Uhuru kilipowashwa mwaka 2007. Miaka 7 ya moshi ilimkuta katika umri uleule ambao mifupa hupokea huku ikipoteza. Tanuri lilipozimwa alikuwa na miaka 52, na sehemu kubwa ya kumwagika kwa ghala lake ilikuwa bado mbele yake. Huyo hakuwamo katika hesabu ya watoto wa chini ya miaka mitano, wala hatakuwamo katika hesabu yoyote inayodhani kwamba madhara yalikoma siku kiwanda kilipokoma.

Dunia imeshaliona jambo hili mara moja kwa ukatili wote, kwa metali nyingine. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama nchini Japani, kadimi kutoka mgodi wa Kamioka iliingia mtoni, kutoka mtoni ikaingia kwenye majaruba ya mpunga, na kutoka kwenye mpunga ikaingia kwenye figo za wakulima. Walioumia kupita wote walikuwa wanawake wa makamo na wazee, wengi wao waliozaa watoto kadhaa. Figo zilishindwa kuzuia madini ya mifupa yasitoke na mkojo. Mifupa ikalainika, ikavunjika kwa kukohoa tu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ugonjwa wa huko shamba, lishe mbaya na kazi ngumu. Daktari wa hapohapo, Noboru Hagino, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba maumivu ya vikongwe yanatoka mgodini, na serikali ya Japani ilikubali rasmi mwaka 1968. Kilichoiponza Toyama ni kwamba wagonjwa wenyewe walikuwa watu ambao kila mtu alitarajia waugue. Mwanamke wa miaka 60 anayelalamika mgongo hamshangazi mtu, na katika kutoshangaa huko miaka mingi ilipotea.

Tuje kwetu, tuangalie mtu wa Afrika Mashariki aliye na miaka 65 leo amepitia nini. Petroli yenye risasi ilitumika katika nchi zetu mpaka Afrika kusini mwa Sahara ilipoiacha kuelekea mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo aliyeuza machungwa kwenye kituo cha mabasi miaka ya themanini, utingo aliyening'inia mlangoni, fundi aliyekuwa akinyonya petroli kwa mpira kuitoa kwenye tangi, wote waliweka akiba ya risasi mifupani kwa miaka 20 au zaidi. Juu ya hiyo kuna kazi za mkono ambazo maskini huzifanya kwa sababu hazihitaji mtaji. Mvunja betri hupasua ganda kwa shoka, humwaga maji ya betri kwenye mtaro, hung'oa sahani za kijivu na kuziweka kwenye karai juu ya makaa; risasi huyeyuka upesi, hung'ara juu kama fedha, na moshi wake wa kijivu hutua kwenye nguo, kwenye nywele na kwenye sufuria ya ugali iliyo hatua chache kando. Mvuvi huyeyusha vipande hivyohivyo kutengeneza risasi za nyavu, na mara nyingi huifanya kazi hiyo nyumbani, jikoni au uani. Sufuria zenyewe, zile za alumini zinazosubiwa kutokana na vyuma chakavu, zimepimwa na watafiti katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo, na baadhi zimekutwa zikitoa risasi kwenye chakula. Kuna wanja wa manga, ambao mara nyingi ni jiwe la risasi lililosagwa, na ambao bibi wa pwani ameupaka tangu alipokuwa mwari.

Na risasi ni mojawapo tu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Dar es Salaam walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, ambako maji machafu ya viwanda hupita, wakaonyesha jinsi mchicha unavyofyonza kadimi na risasi. Rwamagasa, huko Geita, uchunguzi ulioendeshwa mwaka 2003 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki uliwakuta wachomaji dhahabu wenye mitetemeko na kuyumba. Katika Katanga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa matokeo mwaka 2009 yakionyesha kwamba watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi na mitambo ya kuyeyushia madini wana kobalti nyingi kwenye mkojo kuliko wanaoishi mbali. Jiji la Lubumbashi lenyewe lilizaliwa pamoja na tanuri lake la shaba, lililoanza kazi mwaka 1911. Kuna familia zilizokaa chini ya upepo wa bomba la tanuri hilo kwa vizazi vitatu. Kila moja ya metali hizi ina tabia yake. Kadimi hukaa katika figo miaka 10 hadi 30 kama risasi mifupani, na mvutaji sigara huiongeza kila siku. Zebaki hutoka mapema zaidi, ila alama yake kwenye mishipa ya fahamu hubaki. Kinachozifananisha ni kwamba madhara hujumlishwa na miaka, na miaka ndiyo kitu ambacho mzee anacho kuliko sisi wote.

Je, kiasi cha risasi kama cha Owino Uhuru kinaua? Mwaka 2018 jarida la Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa Bruce Lanphear na wenzake uliofuatilia watu wazima 14,289 wa Marekani kwa takriban miaka 19. Waliokuwa na mikrogramu 6.7 kwa desilita, wakilinganishwa na waliokuwa na 1, walikuwa na uwezekano wa kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa uliozidi kwa asilimia 70. Sasa weka kiwango hicho cha 6.7 kando ya wastani wa watoto wa Owino Uhuru, 7.4, uone tunazungumzia nini. Mwaka 2023 wachumi wawili wa Benki ya Dunia, Bjorn Larsen na Ernesto Sánchez-Triana, walikadiria kwamba risasi ilichangia vifo vya watu wazima milioni 5.5 kwa magonjwa ya moyo na mishipa katika mwaka mmoja wa 2019, na kwamba asilimia 90 ya vifo hivyo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hayo ni makadirio ya kihesabu, yanaweza kupanda au kushuka, na mimi siyachukui kama msahafu. Lakini hata ukiyakata nusu, bado unabaki na ugonjwa wa watu wazima, ambao hutokea zaidi mahali ambapo wazee hawapimwi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni hili: wazee wana presha kwa sababu mia moja. Chumvi, unene, kurithi, msongo, kutotembea, pombe. Utajuaje kwamba ya huyu ni ya risasi? Kwa mtu mmoja mmoja huwezi kujua, na anayedai anajua anakudanganya. Madhara ya risasi kwa presha ya mtu mmoja ni madogo. Tafiti za mifupa zinaonyesha kupanda kwa sehemu tu ya kipimo kwa kila ongezeko la risasi. Lakini hoja hiyo haitoshi kuufunga mjadala. Kitu kidogo kilichosambazwa kwa mtaa mzima husukuma watu wengi kuvuka mstari, na wanaovuka ni wale waliokuwa karibu nao tayari, yaani wazee. Isitoshe, tafiti nzuri zimeshayaweka hayo mengine kando. Boston, wanaume waliowahi kuwa wanajeshi wamefuatiliwa tangu 1963. Kuanzia miaka ya tisini walipimwa risasi ya muundi na ya goti kwa mionzi. Matokeo ya mwaka 1996 yalionyesha kwamba risasi ya mfupani ilihusiana na presha, ilhali ya damuni haikuonyesha uhusiano huo. Hapa ndipo penye funzo kwa wanaopima damu peke yake kisha wakatangaza kwamba mtaa ni salama: damu hueleza hasa kilichotokea wiki chache zilizopita, na ugonjwa wa mzee umeandikwa kwa miongo.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matokeo ya Wazungu wastaafu wenye bima, si ya watu wa vibandani. Ni kweli kwamba ushahidi mwingi umetoka kwa wenye nafasi, lakini haukutoka kwao tu. Utafiti uitwao Strong Heart ulianza mwishoni mwa miaka ya themanini miongoni mwa jamii za Wahindi Wekundu wa Arizona, Oklahoma na majimbo ya Dakota, watu wa umri wa miaka 45 hadi 74, wengi wao wakinywa maji ya visima vyenye aseniki. Mkojo wao ulihifadhiwa, ukapimwa baadaye, na waliokuwa na aseniki na kadimi nyingi walionekana kuugua na kufa zaidi kwa magonjwa ya moyo. Wachukuaji sampuli hawakuhitaji hospitali ya rufaa. Walihitaji chupa safi, friza, na subira ya kurudi kwa watu walewale kwa miaka mingi. Maskini, kwa kweli, huumia zaidi kwa kiasi kilekile: asiye na chuma cha kutosha mwilini na asiyekula kalsiamu ya kutosha hufyonza risasi nyingi zaidi kutoka kwenye chakula kilekile anachokula jirani aliyeshiba.

Pingamizi la pili linahusu kugawana uhaba. Ikiwa fedha zinatosha kupima watu 200, kwa nini usipime watoto 200? Swali hili lina nguvu ofisini, ila uani linapoteza maana. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, usagaji wa mawe ya dhahabu yenye risasi ulipoua watoto wasiopungua 400, waliokwenda kusaidia waligundua mapema kwamba hakuna maana kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye udongo uleule. Ua ulisafishwa kwanza, udongo wa juu ukaondolewa na kuletwa mwingine safi, ndipo matibabu yakafaa. Na ua hauna umri. Kwetu, anayefagia ua huo, anayepepeta mchele ndani yake, anayemwogesha mjukuu na kumlaza kifuani, mara nyingi ni bibi, kwa kuwa mama amekwenda kibaruani. Nguo za babu mvunja betri ndizo zinazomwingizia mjukuu vumbi. Kumpima mzee ni kumpima mtoto kwa mlango mwingine. Pia kuna faida ambayo hakuna mashine inayoitoa: mzee ndiye mwenye kumbukumbu ya mahali. Yeye ndiye anayejua kwamba penye duka la M-Pesa leo palikuwa na tanuri la vyuma chakavu mwaka 1994, kwamba kisima kile kilichimbwa juu ya dampo, kwamba wachoma zebaki walikaa nyuma ya shule kabla shule haijajengwa. Timu ya afya inayoingia mtaani na vipima udongo bila kukaa na wazee itachimba mahali pasipo.

Pingamizi la tatu ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu nalisikia hata kwa watu wa tiba: risasi ya mfupani haitolewi, sasa kuna faida gani ya kumwambia mzee ana sumu asiyoweza kuiondoa? Ni kweli kwamba dawa za kuvuta metali si jibu hapa. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2013, kwa wagonjwa 1,708 wa miaka 50 na kuendelea waliowahi kupata shambulio la moyo, lilionyesha nafuu ya asilimia 18 na kuamsha matumaini. Jaribio la pili, la watu 1,000 wenye kisukari, lilichapishwa mwaka 2024: risasi damuni ilishuka kwa asilimia 61, ila mashambulio ya moyo na vifo havikupungua. Kwa hiyo yeyote anayemuuzia mzee chupa ya kusafisha sumu mwilini anamwibia, na baadhi ya chupa hizo za unga na mitishamba zenyewe zimebeba risasi. Dawa za hospitali za kuvuta metali zina mahali pake, kwa sumu kali, na chini ya daktari.

Lakini kutoka hapo kwenda kwenye kusema hakuna la kufanya ni kuruka mbali mno. Presha inayosukumwa na risasi hushuka kwa vidonge vilevile vya kawaida. Anayejulikana kuwa amebeba mzigo huo anastahili kuanzishiwa mapema na kufuatwa kwa karibu. Mfupa unaomwagika unaweza kupunguzwa kasi: dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, kutembea, kukaa juani kidogo, na dawa za mifupa kwa mwenye udhaifu mkubwa. Mzee aliyevunjika nyonga akalazwa wiki nyingi hupoteza mfupa upesi, na risasi yake hupanda. Kumwinua kitandani mapema ni tiba mara mbili. Figo zilizokwisha kuguswa na risasi au kadimi hazitakiwi kupigwa na dawa za maumivu kila siku. Hili la mwisho lingeokoa wengi. Wazee wa mitaa yetu hununua diklofenaki kwa vidonge viwili viwili dukani, wakiitumia kwa magoti na mgongo mwezi hadi mwezi, na hakuna anayewauliza figo zao zimepitia nini. Na juu ya yote, kuna kuondoa kinachoendelea kuingia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema mtu yeyote, wa umri wowote, akikutwa na mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi, chanzo kitafutwe na kikomeshwe. Mwongozo huo haukusema mtoto yeyote. Umesema mtu yeyote.

Kuhusu gharama, sitaki kuzungumza kana kwamba kila zahanati ina maabara. Mashine ya kupima risasi mfupani iko katika vituo vichache vya utafiti duniani, na si lazima tuisubiri. Ipo mashine ndogo ya mezani inayotumia tone la damu ya kidole na kutoa jibu baada ya dakika 3. Haioni yaliyozikwa mfupani, lakini humtambua anayeendelea kula sumu na yule ambaye ghala lake limeanza kumwagika sana. Chombo cha bei nafuu kuliko hicho ni swali. Chukua kadi ya kliniki ya presha. Ina tarehe, uzito, kipimo cha juu na cha chini, sukari, amlodipini miligramu 5, tarehe ya kurudi. Haina mstari wa kazi alizofanya mgonjwa wala mahali alipoishi. Mtu aliyesubu sufuria miaka 25 na mtu aliyekuwa karani wa benki hutoka na kadi zinazofanana. Kenya ilianza mwaka 2023 kuwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, wakipita nyumba kwa nyumba. Hao wanaingia hasa katika nyumba ninazozizungumzia. Kuwaongezea maswali matatu, ulifanya kazi gani, wapi, kwa miaka mingapi, hakuhitaji kununua kitu; kunahitaji mtu mmoja wizarani aamue kwamba majibu yana maana.

Kuna upande wa haki ambao hauwezi kuachwa. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na eneo lisafishwe, au zitolewe shilingi milioni 700 za kulisafisha. Phyllis Omido, aliyeupigania mtaa huo tangu mtoto wake alipougua kwa risasi, alikuwa ameshapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mahakama ya Rufaa ikairudisha hesabu ya fidia nyuma mwaka 2023, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Nausifu uamuzi huo. Lakini kwa aliyekuwa na miaka 66 hukumu ya kwanza ilipotolewa, miaka minne na nusu ya rufaa ni sehemu kubwa ya maisha yaliyobaki. Zaidi ya hapo, katika kesi za madhara ya mwili, njia ya kawaida ya kukadiria kipato kilichopotea huzidisha kipato kwa miaka ya kazi iliyobaki. Kwa kipimo hicho mzee huwa karibu na sifuri, hata kama yeye ndiye aliyepumua moshi kwa muda mrefu kuliko mlalamikaji yeyote. Wanasheria wanaoandaa kesi za namna hii wanapaswa kudai gharama za matunzo: figo, presha, nyonga, na mtu wa kumshika mkono anayesahau njia ya nyumbani. Hayo yana bei, na familia zinailipa sasa hivi kimyakimya.

Wengine wataogopa kwamba tukianza kuwauliza wazee tutawatia hofu, na mtaa utanyanyapaliwa, nyumba zikose wapangaji. Hofu hiyo naiheshimu. Inapungua pale mtu anapopewa habari pamoja na hatua ya kuchukua, na inaongezeka pale fununu zinapoachwa zitembee zenyewe. Mzee aliyevunja betri miaka 15 anajua vizuri kuliko sisi kwamba ule moshi haukuwa mzuri. Alikuwa akikohoa, tumbo lilimsokota, choo kilifunga, wenzake walikufa mapema. Tunachoweza kumwongezea ni uhusiano kati ya hayo na kadi aliyoishika mkononi. Muuguzi wa kliniki ya presha akishauliza na kujibiwa kwamba kazi ilikuwa betri, au kusubu, au risasi za nyavu, atie alama kwenye kadi, aulize kama bado vipande vya betri viko uani na nani analala karibu navyo, achukue tone la damu na kipimo cha kreatinini siku hiyohiyo, na afanye hivyo kabla mgonjwa hajaondoka na diklofenaki nyingine ya magoti.